Nilitaka mtu wa kukaa na mgonjwa wangu siku kumi, wakaniletea mizigo ya kupeleka Bongo

Wakuu, nawasalimu nyote, mlioko nyumbani na mlioko huku ughaibuni.

Mimi humu ni msomaji wa muda mrefu. Naingia, nacheka na nyie, natoka. Leo nimekaa mezani nikaona bora niandike, maana hili jambo nikiendelea kulimeza litaniua. Sikusimuliwa na mtu. Nimelipitia mwenyewe, na wanaonijua wakifika katikati watajua ni mimi.

Shule nimeishia la saba. Mkiona sentensi imepinda, nyoosheni wenyewe mkiwa mnasoma.

Na majina nitataja. Nimeshauriwa nisitaje. Nitataja.

Naishi Hyattsville, Maryland, apartment ya ghorofa ya pili. Kwetu ni Singida, tena sio mjini, ni ndani huko. Nilikuwa utingo wa malori. Green card ya bahati nasibu alishinda mke wangu, mimi nilikuja nimeandikwa kwenye karatasi zake. Yani mimi Marekani nimeletwa na mwanamke, na sioni aibu kulisema.

Mke wangu tumuite Mama Doreen, kwa jina la binti yetu. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee, kwenye nyumba moja ya wazee kule Herndon, Virginia. Wa DMV, yani DC, Maryland na Virginia, mnajua umbali huo na mnajua foleni yake. Akitoka shift tu ananipigia, anaweka speaker, anaongea njia nzima mpaka anapaki hapo chini.

Bibi fulani leo kagoma kuoga. Mzee fulani kamwambia nurse kwamba Mama Doreen ni mchumba wake. Supervisor kanuna, hajulikani kanunia nini.

Saa nzima anaongea. Mimi huku nipo jikoni au naangalia mpira, najibu eeh, kweli, eeh.

Sikuwa nasikiliza wakuu. Leo mtu akinipa dakika tano tu za ile simu, ya huyo bibi aliyegoma kuoga, nitazima kila kitu humu ndani, hata friji, nisikie vizuri.

Miaka mitatu iliyopita, Jumapili mchana, alikuwa anapiga pasi uniform ya kesho yake. Mimi nipo sebuleni. Nikasikia pasi imeanguka, nikasema "angalia usiunguze kapeti". Hakujibu.

Stroke. Upande wa kulia wote ukafa. Na maneno yakaondoka, akabakiwa na matatu: eeh, hapana, na basi. Hilo la mwisho ndio linafanya kazi zote. Njaa, basi. Maumivu, basi. Nikikosea kumvalisha, basi. Nikimwonyesha picha za Doreen kwenye simu anasema basi pia, ila hiyo anaivuta, unajua kabisa ni furaha.

Doreen ni mtoto wetu mmoja tu, yuko Houston, ana kazi na mtoto mchanga. Alikuja mwezi mzima mwanzoni. Siku anaondoka akaniambia, "Dad, you can't do this alone." Huyo Kiswahili anasikia chote ila kujibu ni Kiingereza. Nikamwambia sisi tuko sawa, nenda kaangalie familia yako.

Kumbukeni hilo neno, tuko sawa. Nimelisema mara nyingi kuliko jina langu.

Sasa kuuguza ni nini. Kwa ambaye hajauguza nimweleze kidogo.

Kila baada ya masaa mawili unamgeuza, la sivyo anapata vidonda vya kulalia. Maji ya kunywa yanachanganywa na unga wake maalumu yawe mazito, maana akinywa mepesi anapaliwa. Dawa zinasagwa. Pampers, kuoga, kucha, kunyoosha mkono uliolala usikunjike. Simu za hospitali, fomu za bima, na mimi la saba yangu nashika kamusi.

Asubuhi za siku za kazi agency ilikuwa inatuletea dada mmoja wa Kihabeshi, masaa manne. Mtu mwema. Masaa hayo ndio nilikuwa nakimbia kushusha mizigo kwenye duka kubwa moja hapa karibu. Kazi ya warehouse ya muda wote nilishaacha. Kuhusu kuongezewa masaa tukaambiwa kuna foleni, tusubiri. Tukasubiri.

Kwahiyo siku yangu ilikuwa hivyo. Masaa manne nanyanyua maboksi, yaliyobaki namnyanyua mke wangu. Sikulalamika kwa mtu.

Watu wetu wa huku mwanzoni walikuja sana. Tuna group letu la WhatsApp, mwenyekiti ni Dada Grace, mtu wa Moshi, nurse, anakaa Silver Spring. Ni mchapakazi, hilo simnyimi. Wakaja watu nane nane. Wanakaa kwenye sofa, wanamwangalia mgonjwa, wanasema "anaonekana ana nafuu". Wanasali. Na mimi nipo jikoni nachemsha chai ya watu nane, maana kwetu mgeni hawezi kuondoka mdomo mkavu. Wakiondoka naosha vikombe, halafu naenda kumgeuza mgonjwa nimechelewa nusu saa.

Mlangoni kila mmoja anasema maneno yale yale. Ukihitaji chochote wewe sema.

Na mimi najibu tuko sawa, tunamshukuru Mungu.

Mtu nisemeje? Niseme mlangoni kwa watu, shemeji naomba uje umuoshe mke wangu? Mwanaume mzima? Kwetu mwanaume anayemvua mke wake pampers haongelewi, na akiongelewa ni kwa utani. Kuna summer moja tulikuwa na nyama choma park, nikampeleka na wheelchair yake. Nipo namlisha, shemeji yangu Festo akapaza sauti mbele ya watu:

"Shem siku hizi bei ya pampers anaijua kuliko bei ya gari."

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Mwacheni, mama mwenye nyumba huyo." Nikacheka na mimi. Mama Doreen ndio hakucheka.

Festo ni mdogo wake Mama Doreen wa damu, tumbo moja. Tulimpokea sisi alipokuja, akalala kwenye sofa letu miezi saba. Sasa hivi anakaa Sterling, Virginia, ni mlinzi kwenye yale majengo makubwa ya computer, data center. Festo najua uko humu, na ID yako naijua. Soma mpaka mwisho.

Tuje kwa mama yangu.

Mama yangu mzazi alikuwa hai Singida. Nilikuwa sijamwona kwa macho miaka kumi na moja. Video call tunapiga, lakini mama hakuwahi kuelewa ile kitu, akipewa simu anaiweka sikioni. Nikimwambia mama shusha simu nikuone, anasema nakusikia vizuri sana. Kwahiyo miaka yote hiyo nimemwona sikio. Sikio na kipande cha kitenge.

Mwaka jana moyo wake ukaanza kuchoka, miguu ikavimba. Dada yangu Eliza ndiye anakaa naye. Akanipigia siku moja, nikajua kwa sauti.

"Kaka, mama anakuuliza."

"Ananiuliza nini?"

"Anauliza wewe bado uko njiani au umeghairi."

Mimi nilikuwa sijamwambia mtu kwamba nakuja. Yeye alikuwa ananihesabu niko njiani miaka kumi na moja.

Hapo nikaanza kutaka kitu kimoja tu duniani. Siku kumi. Niende, nikae naye kwenye kile kiti chake cha kamba, anishike kichwa, nirudi. Sikutaka kingine chochote.

Sasa siku kumi nani atakaa na Mama Doreen? Doreen kule alikuwa ndio kwanza karudi kazini kutoka uzazi. Nikasema watu tunao, ngoja niende kwenye group.

Hapa ndipo nilipokosea, na nitalisema kama lilivyo.

Niliandika hivi, bado ninayo kwenye simu: "Habari za humu ndugu zangu. Mama yangu mzazi anaumwa. Nafikiria nikipata nafasi mwezi ujao niende nyumbani kumsalimia siku kumi, Mungu akipenda. Naomba mnikumbuke."

Kwangu mimi nilikuwa nimeshaomba. Kwetu mtu akikwambia hivyo, mwenye akili anajiongeza. Anajua huyu ana mgonjwa ndani, hawezi kutoka, anahitaji mtu. Anakuja kwako pembeni anakwambia ondoka, mimi nipo.

Nikapata mikono ya maombi kama mvua. Pole kaka. Mwambie mama augue pole. Halafu wakaanza.

Safari njema, naomba uniletee dagaa wa Kigoma.

Kaka ukipita Dar kuna simu naomba umpelekee mdogo wangu, haina uzito.

Mimi nina nguo za watoto tu, kabegi kadogo.

Wakuu, mnajua sisi huku mtu akisema anasafiri inakuwaje. Inakuwa sio safari yake tena. Wiki mbili mfululizo mlango unagongwa. Dada Grace mwenyewe akaleta sanduku zima, la shangazi yake Kimara. Viatu, vitamini, vyerehani vya mkono, sijui mafuta gani. Festo akaleta raba. Sebule ikajaa mpaka wheelchair haipiti, namzungusha Mama Doreen kwa kupitia jikoni.

Waliingia ndani kwangu watu kumi na tatu kuleta mizigo. Walimwona mgonjwa amekaa pale pale, wakamsalimia, wakamwambia "shemeji tutakuletea zawadi". Hakuna aliyeuliza, ukiondoka huyu anabaki na nani.

Nikaona kwa Festo nisizunguke, huyo ni ndugu. Nikampigia nikamwambia shemeji, nahitaji wewe na mkeo mje mkae na dada yako siku kumi. Mkeo amuogeshe, wewe umnyanyue, nitawafundisha kila kitu.

"Shem, hilo ni la kuuliza? Huyo ni dada yangu. Nenda kamwone mama."

Nikanunua tiketi. Wakaja Jumamosi moja nikawafundisha. Festo akamnyanyua dada yake mara moja, akasema mgongo. Nikacheka. Ile siku nilipika pilau kwa furaha, wakuu, mimi mwenyewe.

Nikampigia Eliza, nikamwambia mwambie mama sasa niko njiani kweli.

Ndege ilikuwa Alhamisi jioni, uwanja wa Dulles. Jumatano saa nane mchana, nipo namkata kucha Mama Doreen, simu ikaingia text. Siibadilishi hata herufi:

"Shem samahani sana kazini wamenigeuzia shift na wife kapata overtime. Mungu atafungua njia nyingine. Zile raba kama utaahirisha kuna jamaa anasafiri Jumatatu nizipitie."

Aliwahi raba.

Nikapiga, hapokei. Nikapiga kwa mkewe, imezimwa. Nikampigia Dada Grace. Nikamweleza. Akasema:

"Baba Doreen, mbona unaniambia leo? Wiki hii nina double shift zote. Ungesema mapema tungepanga watu."

"Dada Grace, nilisema kwenye group. Mkaleta mizigo."

"Ulisema unasafiri. Hukusema unahitaji mtu."

"Sasa ulidhani mgonjwa namfungia kwenye sanduku lako la Kimara?"

"Nilidhani Doreen anakuja. Kila nikikuuliza unasema mko sawa. Mimi niingie nyumbani kwako nikupinge?"

Nilikata simu. Nilikuwa na hasira kwa sababu aliongea ukweli nusu, na nusu hiyo ndio ilikuwa inaniuma.

Nikashuka chini kwa Njeri. Huyu ni Mkenya, jirani wa ghorofa ya kwanza, naye anafanya kazi za kuhudumia wagonjwa. Akanisikiliza amesimama mlangoni na taulo kichwani.

"Baba Doreen, si ungeniuliza? Leave yangu nimemaliza last week, nimekaa tu kwa nyumba nikiwatch TV. Ningeisongesha mbele nikuje hata hizo siku zote kumi."

"Sikutaka kukusumbua."

"Kunisumbua? Kila siku tukipatana kwa stairs nakuuliza mko aje, unaniambia mko sawa. Mimi nikajua mko na watu wenu, Watanzania mko wengi hapa. Sai naingia kazi kesho asubuhi, wamenipanga siku sita, siwezi toka."

Alikuwa karibu kulia. Nikamwambia usijali, tuko sawa. Bado nilisema, wakuu. Hapo hapo ngazini.

Ndege ikaondoka bila mimi.

Nikarudi ndani nikamdanganya Mama Doreen kwamba shirika limeahirisha. Sasa yule ametunza wazee wa watu miaka tisa, anawajua ndugu wanaosema tutakuja. Hudanganyi mtu wa hivyo. Akanishika shati kwa mkono wa kushoto, akalikunja kwenye ngumi, akalia. Alijua sababu ni yeye. Nikamwambia sio wewe, akasema hapana. Nikarudia, akasema hapana. Tukakaa hivyo hivyo mpaka dawa zikapitiliza muda.

Hicho ndicho nisichomsamehe Festo. Sio ndege. Kumfanya dada yake ajione mzigo ndani ya nyumba yake.

Wiki iliyofuata wenye mizigo wakaanza kuja kuchukua, maana kuna mwingine anasafiri. Mmoja akanilaumu simu imechubuka boksi. Nilimpa nikafunga mlango.

Baada ya siku kumi na nane Eliza akapiga. Asubuhi, nimetoka kumsagia Mama Doreen dawa. Nikasikia anapumua tu. Nikamwambia usiseme, nimeelewa.

Baadaye aliniambia mama alikuwa ameacha kuuliza tangu ile siku nilipopiga kusema niko njiani kweli. Alitulia. Kila gari likipita anageuza kichwa.

Sasa njooni muone watu wetu.

Niliandika kwenye group mstari mmoja, mama amefariki. Haikuisha saa moja mlango uko wazi. Kufika jioni nyumba imejaa. Watu arobaini, labda zaidi. Masufuria makubwa, viti vya kukunja, maji, mpaka mtu wa kusimamia parking. Wanaume wamekaa balcony na ngazini, wanawake jikoni. Siku nne.

Dada Grace akabandika karatasi kwenye friji. Zamu. Jumamosi asubuhi fulani na fulani, mchana fulani, jioni fulani. Kila saa ina kazi yake, chapati, vyombo, mgonjwa, na jina la mtu. Yule mwenye double zote alipata siku nne.

Na Festo alikuja. Na mkewe. Nikasikia anamwambia mtu pale balcony, "Nimewaambia kazini nimefiwa na mama, wamenipa ruhusa bila tabu."

Amefiwa na mama. Mama yangu akiwa hai ruhusa haipatikani, alipokufa imepatikana.

Lakini wakuu, kilichonimaliza sio hicho. Zile siku nne mimi sikumgusa mgonjwa. Kila nikiinuka naambiwa kaa, wewe mfiwa. Mke wa Festo alimuogesha Mama Doreen, tena vizuri, na kumpaka mafuta. Njeri akitoka kazini anapanda, anamsuka. Wanaume wawili wanamgeuza kwa saa, mmoja kaweka alarm. Kuna mama mmoja wa Kikongo alimlisha uji kwa kijiko kidogo kidogo, anamwimbia, na Mama Doreen akawa anasema basi, ile basi ya kuvuta.

Mimi nimekaa kwenye sofa, mikono mapajani, nawatazama. Inawezekana. Kumbe hii kitu inawezekana kabisa. Watu wanajua, wana nguvu, wana muda, wana mapenzi. Ningepewa hao hao, hata robo yao, wiki tatu nyuma, mama angenishika kichwa.

Mazishi niliyaona kwenye simu ya Eliza. Network ikakatika wanashusha jeneza, ikarudi watu wanapiga udongo. Nyuma yangu wanawake wanaimba, wanaimba vizuri sana. Nilitamani wanyamaze nisikie majembe.

Siku ya nne tukaanua tanga. Kwa kawaida mfiwa anasimama anashukuru, watu wanasali, wanakunja viti wanaondoka. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kushukuru, Mungu ananiona.

Nikasema, "Nawashukuru. Chakula kilikuwa kizuri. Lakini nina neno. Ile karatasi kwenye friji msiitoe."

Watu wakageukia friji.

"Mama yangu ameshaenda, hamuwezi kumsaidia tena. Huyu hapa bado yuko. Mimi sio sawa. Nimewadanganya miaka mitatu kwamba tuko sawa, hatuko sawa. Mgongo wangu umekwisha, sijaingia kanisani tangu Pasaka ya mwaka juzi. Niliposema nasafiri mlinipa mizigo. Nilikuwa naomba mtu."

Dada Grace akasema taratibu, "Baba Doreen, msibani hatugombani."

"Sigombani dada. Naomba. Sijawahi kuomba ndio maana mnaona kama ugomvi."

Mzee mmoja akakohoa. Festo akawa anaangalia simu yake. Nikamtaja. Nikamwambia, "Shemeji, wewe uliniahidi siku kumi ukaniuliza raba. Nalisema mbele ya dada yako asikie sio yeye." Mkewe akainamisha kichwa. Festo akatoka nje, akawasha gari, akasahau hata sufuria lake. Mpaka leo hajarudi, mwezi wa saba sasa tangu siku ile. Sufuria ninalo.

Wengine wakaondoka wamenuna, najua walinisema njia nzima. Kwamba nimewatukana watu waliokuja kunifariji. Labda kweli.

Ila Njeri akaenda kwenye friji, akachukua kalamu, akafuta "chapati" akaandika jina lake, Alhamisi, saa nane mpaka saa kumi na mbili. Yule mama wa Kikongo akauliza karatasi inasema nini, akasomewa, akasema yeye Jumamosi asubuhi. Mwisho kabisa, viti vimeshakunjwa, Dada Grace akarudi kutoka kwenye gari lake. Hakuniangalia. Akaandika Jumanne moja kwa mwezi, akaondoka.

Watatu. Kati ya arobaini, watatu. Mimi hao watatu sibadilishani na arobaini.

Alhamisi ya kwanza Njeri alivyofika sikujua niende wapi. Miaka mitatu sijawa na pa kwenda. Nikaenda kwa kinyozi, akanifunga kile kitambaa, nikalala hapo hapo kwenye kiti. Alininyoa nimelala, akaniacha. Nilipoamka kulikuwa na wateja wawili wanasubiri na hakuna aliyeniamsha.

Kazi yangu ya kushusha mizigo ninayo, sasa nimeongeza na siku ya Jumamosi. Pia social worker wa hospitali kanieleza kuna kitu kinaitwa respite, mgonjwa anapokelewa mahali siku kadhaa ili anayemuuguza apumzike. Kilikuwepo muda wote. Sikuwahi kuuliza, kila aliponipigia simu nilikuwa namjibu we are fine. Tumejaza fomu, nasubiri. Kikipatikana nitaenda Singida kukaa kaburini. Sitakuta mtu wa kunishika kichwa lakini nitaenda.

Niliyojifunza niyaseme ya kawaida tu, sina makubwa.

Wewe unayeuguza, usitangaze safari, omba mtu. Sema siku, sema saa, sema na kazi yenyewe ni ipi. Watu wetu hawajiongezi siku hizi, au mimi ndio sikuwapa pa kuanzia, sijui. Na mkeo asikusikie ukidanganya kwa ajili yake, anaumia mara mbili.

Na wewe unayekwenda kuona mgonjwa, acha kusema ukihitaji chochote sema. Mwenye mgonjwa hana nguvu ya kusema. Mwambie Alhamisi saa nane nakuja, wewe toka. Chai jichemshie.

Dada Grace nimekutaja kwa ubaya, nimekutaja na kwa uzuri. Festo wewe nimekutaja tu.

Sasa nawaachia jukwaa. Matusi yapo, leteni, nimeshazoea. Ila kwa waliouguza mzazi, mke, mume, mtoto, nina swali moja na naomba mnijibu kweli. Siku ya kwanza kabisa mliyomwomba mtu msaada, mlitumia maneno gani? Yaandikeni hapa chini kama mlivyoyasema. Mimi mwezi wa saba huu, na kila Alhamisi Njeri akiuliza kama wiki ijayo tena aje, bado yananikwama kooni.